Breki Zinazokataa Kuachia: Sababu na Kinga Yake

Magari yanayochukua kabichi, karoti na viazi kutoka Mgeta huteremka Milima ya Uluguru hadi Mlali, kisha hupita Mzumbe yakielekea Morogoro. Katika mteremko huo breki inayokataa kuachia ina hatari sawa na ile isiyoshika. Gurudumu hupata moto, mafuta ya breki huchemka na kutoa mvuke, na pedali huzama bila nguvu mahali ambapo gari halina budi kusimama.

Sababu zinazotokea mara kwa mara ni hizi:

Kwanza, kebo ya breki ya mkono. Ikiingia maji na matope hushika kutu, isirudi hata dereva akiishusha.

Pili, springi za kurudisha viatu vya breki zimelegea au zimekatika.

Tatu, pistoni ya silinda ya gurudumu imeganda kwa kutu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yasipobadilishwa kwa muda mrefu, unyevu huo hula chuma.

Nne, paipu ya mpira imevimba kwa ndani. Mguu wa dereva huyasukuma mafuta yakapita, lakini kurudi hayawezi.

Tano, mafuta yasiyofaa. Mafuta ya injini yakitiwa mahali pa mafuta ya breki huvimbisha mipira yote, na tundu la kurudishia mafuta katika silinda kubwa huziba. Chupa moja ya kubahatisha hulazimu mipira yote kubadilishwa.

Namna ya kupima ni rahisi. Gari lizuiwe kwa mawe, gurudumu linyanyuliwe kwa jeki na kuzungushwa kwa mkono. Likikaza, fundi afungue skrubu ya kutolea hewa. Likiachia, mafuta yamezuiwa: kasoro i katika paipu ya mpira au silinda kubwa. Lisipoachia, kasoro imo ndani ya gurudumu au katika kebo.

Yafaa kila katibu ahakikishe kwamba dereva anaandika katika daftari la safari kila gari linapokuwa zito, linapovuta upande mmoja, au linapotoa harufu ya kuungua. Gari lililoandikwa hivyo lisipakiwe mpaka fundi amelikagua, hata kama mboga ziko tayari njiani. Hasara ya kabichi huingia katika hesabu za chama na huweza kufidiwa msimu ujao. Maisha ya dereva na utingo hayana fidia.