Tiketi Iliyonunuliwa na Kijiji

Katika vijiji vya Kisii, Nyamira na Uasin Gishu, safari ya kwenda Marekani mara nyingi huanzia chini ya turubai. Viti vya plastiki vimekodishwa, mchungaji ameomba, soda zimegawiwa, na mwenye kipaza sauti anapiga mnada jogoo. Kijana amepata nafasi chuoni. Kilichobaki ni karo ya kuanzia na nauli ya ndege. Shangazi anatoa elfu mbili, mwalimu mstaafu elfu tano, kina mama wa chama wanaleta bahasha. Zisipotosha, kipande cha shamba kinauzwa.

Harambee hiyo haitajwi Benki Kuu ya Kenya inapotangaza hesabu zake. Mwaka 2024, Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, kiasi kinachopita mapato ya chai, ya kahawa na hata ya utalii. Zaidi ya nusu zilitoka Marekani. Wakubwa huzisifu kama mvua iliyonyesha yenyewe, ilhali pesa hizo zilianza kwa kutoka kijijini kabla ya kurudi. Jogoo yule wa mnada ni sehemu ya mtaji.

Na mtaji huweza kupotea. Mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret wakidai pesa walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Canada kupitia mpango wa kaunti ya Uasin Gishu. Wapo waliokuwa wameuza mashamba na ng'ombe.

Mambo yakinyooka, kijana anamaliza masomo, anapata kazi, tuseme ya kutunza wazee huko Minnesota, ambako Wakisii wengi wamefanya makao. Sasa anatuma dola 200 kila mwezi. Deni lake halikuandikwa popote, lakini kila mtu analijua: karo ya mdogo wake, dawa za baba za kisukari, mchango wa matanga, na harambee ya binamu anayetaka kumfuata. Kwa wachumi, hii ni bima ya familia, maana mahindi yakikauka Nyamira, mshahara wa Minnesota haukauki nayo.

Lakini hata bima ina makato. Benki ya Dunia, inayopima gharama kwa mfano wa dola 200 hizohizo, huonyesha kwamba kutuma pesa Afrika Kusini mwa Sahara hula wastani wa asilimia 8 hivi, yaani kama dola 16. Lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Tangu Januari 2026 Marekani nayo inatoza asilimia 1 kwa anayelipia kwa pesa taslimu. Anayetuma kwa akaunti ya benki au kadi ya huko hatozwi, hivyo mzigo unamwangukia zaidi asiye na akaunti.

Kinachouma zaidi hakiandikwi kwenye risiti. Januari 2024 dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160, na dola 200 zilizaa kama shilingi 32,000. Kufikia Agosti dola ilikuwa imeshuka hadi 129 hivi, na dola zilezile zikazaa chini ya 26,000. Hazina, yenye madeni ya dola, ilipumua. Waagizaji wa mafuta vilevile. Mama wa Nyamira alipungukiwa na elfu sita ilhali mwanawe hakupunguza hata senti, na wapo waliodhani watoto wao wameanza uchoyo.

Karo haipunguzwi, wala dawa. Kinachosimama ni nyumba. Ndiyo maana si ajabu, kwenye barabara za vumbi za huko, kukuta kuta za matofali zilizokomea kwenye linta, mafundi wameshaondoka, na maboga yanatambaa mahali palipopangwa kuwa sebule.