Kalibu Kubwa za Bodi ya Gari kwa Gharama Nafuu

Boneti au bampa ya nyuzi za kaboni haichongwi. Kitambaa cha kaboni hulowekwa rezini, kikalazwa ndani ya kalibu na kuachwa kigande, kwa hiyo sura yote ya kifaa hutoka kwenye kalibu hiyo. Mkwaruzo wa kalibu utaonekana kwenye boneti, na kalibu iliyopinda huzaa boneti isiyokaa kwenye gari. McLaren ilipoleta gari la MP4/1 kwenye Formula 1 mwaka 1981, kiunzi chake cha kaboni kilitengenezwa na Hercules ya Marekani, kampuni iliyozoea kazi za roketi. Karakana ya Msasani, pale Tukuyu wilayani Rungwe, haina vifaa vya namna hiyo, wala haivihitaji. Njia yake ni ile ya waunda boti za faiba: kalibu ya faiba ya kioo, iliyojengwa kwa mkono. Kaboni ni ghali, na haina sababu ya kutumika kwenye kalibu.

Fedha nyingi huokolewa mwanzoni kabisa, kwenye kielelezo, yaani umbo ambalo kalibu hujengwa juu yake. Kama boneti ya asili ipo, hata iliyobonyea, ni nafuu kuinyoosha na kuipiga pati kuliko kuchonga mpya. Umbo jipya hujengwa kwa mbavu za plaiwudi, nafasi zake zikajazwa jasi au povu, kisha pati. Povu jeupe la kufungashia vyombo lisiguswe na rezini ya poliesta, kwani huyeyuka papo hapo. Kielelezo hupakwa rangi ya gari inayochanganywa na hadina, kisha husuguliwa kwa msasa wa maji, kutoka namba 400 hadi 1500, na kung'arishwa. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayoamua ubora wa kila kifaa kitakachofuata.

Umbo linalojikunja kwa ndani, kama bampa, halitoki kwenye kalibu ya kipande kimoja. Hugawanywa kwa ukuta wa muda, na kila kipande hupewa mdomo wa sentimita 5 hadi 10. Matundu ya bolti hutobolewa vipande vikiwa bado vimeshikana juu ya kielelezo. Yakitobolewa baadaye, vipande havirudi mahali pake.

Baada ya hapo huja nta, mikono mitano au sita, kila mmoja ukiachwa ukauke na kung'arishwa, kisha utando mwembamba wa PVA. Hapa hakuna cha kubana matumizi. Kalibu ikigandamana na kielelezo, vyote viwili hupotea. Jelikoti hupakwa unene wa nusu milimita hadi 0.8. Mkeka wa kwanza uwe mwepesi, wa gramu 225 au 300 kwa mita ya mraba, nao uachwe ugande kabla ya mikeka ya gramu 450. Poliesta hunywea inapoganda na hutoa joto; fundi anayerundika mikeka yote kwa siku moja hupata kalibu iliyojikunja. Kwa boneti, unene wa milimita 5 unatosha, nao hutumia takriban kilo 10 za rezini pamoja na midomo. Hadina ya poliesta huharibu macho, hivyo miwani ni lazima. Isichanganywe kamwe moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti, maana mchanganyiko huo hulipuka.

Hali ya hewa ya Rungwe inahitaji hesabu yake. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Chini ya nyuzijoto 15 poliesta huganda kwa shida, na unyevu huacha utelezi juu ya epoksi. Septemba na Oktoba ndiyo miezi mizuri. Juni na Julai chumba kipashwe joto, bila moto wa wazi karibu na rezini.

Fremu ya mbao au bomba za chuma huungwa mgongoni mwa kalibu ikiwa imeganda kabisa, wala haijabanduliwa. Mbao za misonobari na mikaratusi hazisumbui kupatikana wilayani. Baada ya wiki moja, kalibu hubanduliwa kwa kabari za plastiki na maji. Nyundo ya chuma hupasua jelikoti.

Kaboni sasa inaweza kulazwa: matabaka mawili ya gramu 200 na epoksi, kisha mfuko wa ombwe unaonyonywa na kompresa ya friji chakavu. Pwani, hewa inaweza kukandamiza kwa tani 10 hivi kila mita ya mraba. Tukuyu ni karibu tani 8.5, kwa sababu ya mwinuko. Mafundi wengine hutafuta tundu siku nzima kwa kuwa geji imegoma kufika baa 1, kumbe 0.85 ndio mwisho wake huko. Kipimo cha kweli ni kufunga valvu: mshale ukitulia kwa nusu saa, mfuko hauvuji. Shinikizo hilo la baa 0.85 linatosha kabisa kwa boneti. Kalibu ikishatoa kifaa huoshwa, hupakwa nta upya na kuwekwa ndani, ikiegemea fremu yake, kwani jua la moja kwa moja huipinda.