Kanda za Zamani: Tutunze Nusu Zote Mbili za Picha

Askari waliohudumu mpakani, Busia na Tororo, katika miaka ya 1980 na 1990, huenda wangali na kanda za video za magwaride, mazoezi na misafara ya malori. Mwaka 2015 Uganda na Kenya zilihamia matangazo ya dijitali, na kanda hizo zazidi kuchakaa. Yatupasa kuzihamishia kwenye kompyuta. Lakini tuzihamishe kwa hadhari.

Nchi zote mbili zilifuata kipimo kimoja cha televisheni, kiitwacho PAL: mistari 625, picha 25 kwa kila sekunde. Picha hiyo haikuchukuliwa kwa mara moja. Kwanza ilichukuliwa mistari ya witiri, na baada ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde, mistari ya shufwa. Televisheni za zamani zilionyesha nusu hizo kwa zamu. Kompyuta huzionyesha pamoja, na kila kiendacho huota meno kama kitana.

Tuchukue mfano wa lori lipitalo mbele ya kamera, njia ya Malaba kwenda Tororo, kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa. Baina ya nusu hizo mbili limekwisha kusogea sentimita 20. Fundi mwenye haraka huzichanganya nusu hizo ili kuondoa meno. Meno hutoweka, lakini namba ya gari nayo hugeuka kivuli juu ya kivuli. Mpelelezi aliyekuwa na mashahidi wawili hubaki hana hata mmoja.

Kwa hiyo nakala ya kwanza ihifadhiwe kama ilivyo, yaani mistari yote 576 ya picha, bila kuchanganywa. Kutoka kwayo itolewe nakala ya kutazama, kila nusu ikijazwa iwe picha kamili, 50 kwa sekunde. Programu ya FFmpeg, ipatikanayo bure, hufanya kazi hiyo. Utaratibu wa nusu nao ukaguliwe: ya pili ikitangulia, gari huonekana likirukaruka mbele na nyuma.

Filamu za sinema zilizonakiliwa kwenye kanda, picha 25 kwa sekunde, ni jambo jingine. Nusu zake ni za wakati mmoja, kuziunganisha kwatosha.

Ndugu askari, nakala ya kutazama yaweza kutengenezwa tena kesho. Nakala ya asili ikiharibiwa, ushahidi umekwenda nayo.