Lori Livutapo Upande Mmoja kwa Breki



Lori la chama linalovuta upande mmoja kila dereva afungapo breki ni la hatari, hasa katika msongamano wa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Likivuta kulia hukabili magari yajayo. Likivuta kushoto huwaelekea wenye mikokoteni na waendao kwa miguu.

Yafaa ifahamike kwamba gari huvutwa upande ule ambao breki inashika zaidi. Kwa hiyo, likivuta kulia, mara nyingi ubovu uko kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Kwanza dereva apime upepo, tairi za mbele ziwe sawa. Kisha fundi afungue magurudumu yote mawili, atazame kama lainingi zimelowa grisi au mafuta ya breki, kama silinda imekwama, au kama mpira wa mafuta umeziba ndani.

Vipuri vikinunuliwa Gerezani, lainingi zibadilishwe kushoto na kulia kwa pamoja. Kubadili upande mmoja tu kwa kubana matumizi hurudisha ubovu uleule.

Katibu asiidhinishe malipo ya fundi kabla lori halijajaribiwa tupu, mahali pasipo watu. Hadi hapo lisipakie mazao wala wanachama.