Kuosha na kupaka nta trekta kwalinda mtaji wa mkulima

Mvua za msimu zinapokwisha na mazao kuingia ghalani, trekta nyingi katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua hupumzika hadi maandalizi ya mashamba yatakapoanza tena. Kipindi hicho cha mapumziko ndicho ambacho kutu hupata nafasi ya kula bati, hasa pale chombo kinapoegeshwa kikiwa na matope, mabaki ya mbolea na mafuta yaliyovuja.

Rangi ya trekta si pambo pekee, bali ni ngozi inayotenganisha chuma na maji pamoja na hewa. Mionzi ya jua huidhoofisha taratibu hadi ikapauka na kutoa unga mweupe mithili ya chaki. Matope hutunza unyevu, na mbolea za chumvichumvi hufyonza maji kutoka hewani na kuharakisha kutu.

Kabla ya kuosha, injini izimwe na kuachwa ipoe, kwa kuwa maji baridi yanaweza kupasua chuma chenye moto. Mdomo wa ekzosi, njia ya hewa, alteneta na sanduku la fyuzi vifunikwe kwa nailoni. Matope yalowekwe kwanza, kisha chombo kisuguliwe kwa sabuni laini ya magari kuanzia juu kwenda chini. Sabuni kali ya unga huondoa nta iliyokwisha kupakwa.

Wanaotumia mashine ya kusukuma maji kwa nguvu wanapaswa kujihadhari wasielekeze maji moja kwa moja kwenye beringi, nyaya za umeme wala mapezi ya rejeta, ambayo hupinda kwa urahisi. Baada ya kuosha, viungo vyote vipigwe grisi upya ili kusukuma nje maji yaliyopenya.

Nta hupakwa kivulini, juu ya bati lililokauka na kupoa. Tabaka jembamba hutosha; likishakauka hufutwa kwa kitambaa laini hadi rangi ing'ae. Dalili ya kuwa nta ingali inafanya kazi ni matone ya maji kujikusanya na kuteleza. Maji yakianza kutandaa, ni wakati wa kupaka tena. Nta isipakwe kwenye ngazi, pedali, usukani wala kiti, kwani utelezi wake unaweza kumwangusha dereva.

Kwa mashine za kukatia nyasi zinazoendeshwa kwa kukaliwa, kama zile za viwanjani, adui mkubwa ni nyasi mbichi zinazoganda chini ya kifuniko cha visu. Nyasi hizo ziondolewe baada ya ufunguo kuchomolewa na waya wa plagi kutenganishwa.

Usafi huo una faida nyingine. Trekta safi huonesha mapema mafuta yanayovuja na nyufa, na haihamishi mbegu za magugu kutoka shamba moja hadi jingine.

Hata hivyo, kazi hiyo isifanyike mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji shughuli zinazoweza kuathiri hifadhi yake. Wamiliki na vikundi vya wakulima wanashauriwa kutenga eneo la kuoshea lililo mbali na visima, ili kulinda chombo kusigeuke kuwa madhara kwa jirani.