Lugha Yenye Sifa na Lugha Yenye Faida

Kila mara mwezi wa tisa ukaribiapo, wazazi wengi hurudia swali lile lile: mtoto wetu ajifunze lugha gani? Baba ataka Kiingereza, maana amesikia kwamba asiyekijua hapati kazi. Mama ashikilia Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya diploma. Mjomba afanyaye kazi Kolwezi asema Kichina ndicho chenye mali. Na nyanya, mwenye lugha ya nyumbani, haulizwi neno.

Swali hili si la mchezo. Karo ni nzito, miaka ya masomo ni michache, na mtoto afundishwaye lugha nne nusu nusu aweza kumaliza shule asijue kuandika barua sawasawa kwa hata moja. Wahenga walisema: Mshika mbili, moja humponyoka. Basi yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu, tukipambanua mambo mawili ambayo watu huyachanganya: sifa ya lugha na faida yake. Sifa ni yale watu wanayokudhania wakusikiapo ukisema. Faida ni yale lugha inayokuwezesha kuyatenda. Mara nyingine mambo hayo mawili huenda pamoja, na mara nyingine hupishana njiani.

Sifa hupanda na kushuka

Kwanza tukumbuke kwamba hakuna lugha iliyozaliwa na taji kichwani. Sifa ya lugha hutoka kwa nguvu, biashara na elimu ya watu wanaoisema. Watu hao wakipungua nguvu, na sifa nayo hupungua.

Kwa karne nyingi mtu msomi wa Ulaya alikuwa mtu ajuaye Kilatini. Mwingereza Isaac Newton, alipotoa mwaka 1687 kitabu chake kikubwa juu ya mwendo wa vitu na nguvu ivutayo sayari, hakukiandika kwa Kiingereza bali kwa Kilatini, ili wataalamu wa nchi zote wakisome. Leo ni wachache wakisomao hivyo. Hata katika ibada zetu, Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifungua mlango mwaka 1963 ili lugha za mataifa zitumike, na mwaka 1988 Roma ilikubali utaratibu wa Misa kwa majimbo ya nchi iliyoitwa wakati ule Zaire.

Baada ya Kilatini, Kifaransa kilikalia kiti cha mbele. Mkataba wa Rastatt wa mwaka 1714 uliandikwa kwa Kifaransa, ingawa mmoja wa waliopatana alikuwa mfalme mkuu wa nchi za Wajerumani. Tangu hapo mabalozi wa Ulaya walikitumia, na wakuu wa Urusi wakakisema nyumbani mwao. Lakini mwaka 1919, vita vikubwa vilipokwisha, mkataba wa Versailles uliandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, zote mbili zikiwa na nguvu sawa. Kiti kikaanza kugawanyika.

Na Kijerumani je? Mwanzoni mwa karne ya ishirini, mwanafunzi wa kemia au wa fizikia hakuweza kukiepuka. Makala mashuhuri ya Albert Einstein ya mwaka 1905 yalitoka kwa Kijerumani. Leo wataalamu wa Ujerumani wenyewe hutoa utafiti wao mwingi kwa Kiingereza.

Tumeyaeleza haya si kwa kudharau lugha yo yote. Twataka tu mzazi ajue kwamba achaguaye lugha kwa ajili ya sifa peke yake amejenga juu ya mchanga. Mtoto aanzaye masomo leo atafanya kazi kwa miaka arobaini, na katika miaka arobaini mengi hubadilika.

Lugha kubwa na kazi zake

Umoja wa Mataifa una lugha rasmi sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Tuzitazame kama mnunuzi atazamavyo majembe sokoni: si lipi linang'aa, bali lipi litalima shamba langu.

Kiingereza ndicho kinachotangulia siku hizi. Rubani wa safari za nchi za nje hana budi kukijua, manahodha huongea nacho baharini, na mafundi wa mashine za kompyuta hupata humo vitabu vingi kuliko katika lugha nyingine. Tena kimetuzunguka. Uganda, Zambia na Tanzania hukitumia; Rwanda ilikata shauri mwaka 2008 kukifanya lugha ya kufundishia mahali pa Kifaransa. Mfanya biashara wa Bukavu, wa Goma au wa Lubumbashi aagizaye mali kupitia Mombasa au Dar es Salaam hukutana na karatasi za Kiingereza njia nzima. Asiyezisoma hulazimika kumwamini azisomaye, na imani hiyo mara nyingine hugharimu.

Kifaransa, wengine husema kimezeeka. Huenda ni kweli kwa macho ya dunia. Si kweli kwetu. Nchi yetu, yenye watu zaidi ya milioni mia moja, imeizidi Ufaransa kwa hesabu ya watu, na Kinshasa ni mji mkubwa kuliko Paris. Sheria zetu, hukumu za mahakama na mtihani wa Serikali umalizao shule ya sekondari viko kwa Kifaransa. Kijana adharauye Kifaransa kwa kuwa amesikia Kiingereza kina nguvu, afanana na mtu abomoaye nyumba yake kwa sababu amesifiwa nyumba ya ng'ambo.

Kichina kina wasemaji wa kuzaliwa wengi kuliko lugha yo yote duniani, lakini wengi wao wakaa katika nchi moja. Faida yake huku kwetu ni dhahiri: tangu mapatano ya mwaka 2008 yaliyozaa kampuni ya Sicomines huko Kolwezi, makampuni ya Kichina yamezidi katika machimbo ya shaba na kobalti, na mkalimani mzuri hupata nafasi. Walakini bei yake ni kubwa. Maandishi yake si herufi ishirini na sita bali alama maelfu, na hazina njia ya mkato. Jambo moja tu latufariji: katika Kichina sauti ikipanda au ikishuka maana hubadilika, na hilo si geni kwa watoto wasemao Kimashi, Kiluba au Lingala. Mzungu huhangaika nalo sana.

Kihispania husemwa katika nchi ishirini hivi, karibu zote za Amerika. Katika Afrika ni Guinea ya Ikweta peke yake iliyokifanya lugha ya Serikali. Ni lugha nzuri, nyepesi kwa ajuaye Kifaransa, ila kazi yake kwetu ni chache. Kireno hakimo katika zile sita, hata hivyo chafaa kuangaliwa zaidi, maana Angola ndiyo jirani tunayepakana naye kwa mpaka mrefu kuliko wote, na Brazil peke yake ina watu zaidi ya milioni mia mbili.

Kiarabu ni lugha ya nchi zaidi ya ishirini, na ndicho kilichotupa kitabu, kalamu, karatasi, habari na hesabu. Lakini mwanafunzi ajue mapema: Kiarabu cha vitabuni si kile kisemwacho nyumbani, na mtu wa Morocco na mtu wa Iraq, kila mmoja akisema lugha ya mama yake, hawasikilizani kwa urahisi.

Kirusi nacho kilifungulia wengi mlango. Mwaka 1960 kilianzishwa Moscow chuo kikuu cha kupokea vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na mwaka 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba. Waliokwenda walijifunza lugha kwanza, ndipo wakaingia katika uganga au uhandisi. Kwao Kirusi kilikuwa na faida kubwa, kwa sababu njia ilikuwa imekwisha funguliwa mbele yao.

Tuongeze jambo juu ya muda. Serikali ya Marekani ina chuo kifundishacho mabalozi wake. Huko huhesabu kwamba mtu ajuaye Kiingereza, akisoma kila siku bila kazi nyingine, huhitaji miezi sita au saba hivi kwa Kihispania au Kireno, majuma kama 36 kwa Kiswahili, na majuma 88 kwa Kichina au Kiarabu. Hao ni watu wazima wenye walimu bora na mshahara. Basi mtu akikuahidi lugha ngeni kwa majuma matatu, funga mfuko wako.

Lugha tulizo nazo

Sasa tuje nyumbani. Nchi yetu ina lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Kiluba. Je, zina sifa gani?

Kiswahili kilifika kwetu katika karne ya kumi na tisa pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani, nayo ilikuwa biashara ya pembe na ya watumwa. Miji ya Kasongo na Nyangwe ilikijua mapema. Baadaye machimbo ya Katanga yaliwakusanya watu wa makabila mengi, nao wakapatana kwa lugha hiyo. Kwa muda mrefu wengi walikidhani lugha ya soko na ya kazi tu. Angalieni yaliyofuata. Mwaka 2004 Joaquim Chissano, Rais wa Msumbiji, aliwahutubia kwa Kiswahili wakuu wa Afrika waliokutanika Addis Ababa. Mwaka 2021 UNESCO iliweka tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha yake ya kazi, na mwaka huo huo nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lugha tuliyoisema bure sokoni, wengine huilipia karo katika vyuo vikuu vya Ulaya na Amerika.

Lakini tusijidanganye. Kiswahili cha mitaa ya Lubumbashi au ya Bukavu si kile cha sheria na magazeti ya Dodoma. Atakaye kukitumia katika ofisi za Jumuiya hana budi kujifunza sarufi na msamiati wa vitabuni. Kazi hiyo ni ya miezi, si ya miaka. Na ni hasara kubwa kuiacha, kwa maana robo tatu ya njia tumekwisha kuitembea.

Lingala nayo yatufundisha neno. Ilienea kwa jeshi na kwa mto, kisha ikabebwa na muziki. Nyimbo za Franco Luambo Makiadi na za Tabu Ley zilichezwa mbali sana na Kinshasa, na watu wasiojua maana ya maneno waliziimba kwa furaha. Sifa hiyo haikuamriwa na Serikali yo yote.

Jinsi ya kuchagua

Twawashauri wazazi hatua tatu. Ya kwanza ni lugha ya nyumbani. Mwaka 1953 wataalamu wa UNESCO walitoa taarifa wakisema kwamba mtoto hufundishwa vema zaidi kwa lugha ya mama yake. Asomaye kwanza kwa lugha anayoifahamu hujifunza kusoma. Asomaye kwanza kwa lugha asiyoifahamu hujifunza kukariri. Zamani, katika shule nyingi za Afrika, mtoto aliyesema lugha ya kwao alivikwa shingoni kibao cha aibu, nacho kilipita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Watoto hao walijifunza lugha ya kigeni, ni kweli. Lakini pamoja nayo walijifunza kuwaonea haya wazazi wao. Tusiwavike watoto wetu kibao kile nyumbani kwa maneno yetu.

Ya pili ni lugha ya shule, nayo kwetu ni Kifaransa: ijulikane kabisa, kusoma na kuandika, wala si kuitamka tu kwa mbwembwe. Ya tatu ni lugha moja ya kuongeza, moja tu kwanza. Ndipo muulize: mtoto huyu ataongea na nani? Mwalimu yuko? Vitabu viko? Kijana wa Uvira au wa Goma, mpenda biashara, achukue Kiingereza pamoja na Kiswahili sanifu. Wa Kolwezi apendaye ufundi wa machimbo, naye ana subira, ajaribu Kichina. Wa Kahemba, karibu na Angola, asikidharau Kireno.

Nanyi wanafunzi, msisahau kwamba lugha haitajirishi mtu asiye na neno la kusema. Daktari ajuaye Kiingereza huajiriwa kwa udaktari wake. Someni hesabu, someni ufundi, na lugha iwe njia ya kuvifikia. Katika kutafuta lugha za mbali, shikeni maneno ya wahenga: Usiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa mgeni ni mzuri, ukaliwe kwa shukrani. Lakini yeye akiondoka huukunja akaenda nao, na mbacha wetu ndio tutakaolalia.