Vitu Kupotea Nyumbani: Uzoeshe Mkono, Usiilaumu Akili

Mtoto akishikwa na homa usiku wa manane, vitu vitatu hutafutwa kwa haraka: tochi, ufunguo na kadi ya kliniki. Kimoja kisipoonekana, safari ya zahanati inachelewa. Kadi ndiyo inayomwonyesha mhudumu maendeleo ya uzito wa mtoto na chanjo alizopata, kama ile ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18.

Wengi hujisemea, "Mimi msahaulifu." Mara nyingi si hivyo. Unaingia ndani na ufunguo, simu inaita, mkono unauweka juu ya ndoo ya unga huku mawazo yako yapo kwenye simu. Akili haikuona ulipouweka, kwa hiyo haina cha kukumbuka. Dawa yake ni kuuzoesha mkono mahali pamoja.

Fanya hivi:

1. Kila kitu kipe mahali pake. Ufunguo, kwenye msumari nyuma ya mlango, mbali na dirisha. Tochi, upande wa kichwani pa kitanda. Kadi za kliniki, bima na vitambulisho, kwenye mfuko mmoja wa plastiki ndani ya sanduku, visiguswe na mvua, panya wala mchwa.

2. Ambatanisha na jambo la kila siku. Ukishafunga mlango, ufunguo msumarini kabla ya kuvua viatu. Ukitoka kliniki, kadi sandukuni kabla hujakaa.

3. Waambie wote wa nyumbani. Mahali panapojulikana na mama peke yake hapasaidii siku mama akiwa safarini na mtoto akaugua. Anayechukua kitu akirudishe pale pale.

4. Kagua kabla ya kulala. Angalia kama vitu hivyo vipo. Kilichozagaa kirudi kwake.

Unataka kujua kama umefanikiwa? Zima taa, kisha tafuta tochi kwa kupapasa. Ukiigusa mara moja, mahali ni pazuri. Ukihangaika, pabadilishe.

Pia, piga picha ya kadi kwa simu yako. Haichukui nafasi ya kadi yenyewe, lakini kumbukumbu za mtoto hazitapotea zote.

Usianze na vitu vyote kwa pamoja. Leo jioni anza na kadi ya mtoto. Mkono ukishazoea, ongeza kingine.